Fundi wa mapaa anayeanza kazi kwa kulala

Saa mbili asubuhi, fundi amelala.

Amelala chali juu ya kitanda cha watu, viatu ameviacha kizingitini, mikono ameikunja kifuani. Mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa blanketi. Nje wamesimama watu tisa na nyundo zao, wamenyamaza kama waliofiwa, na ngazi ndefu imelazwa kwenye nyasi mbele yao.

Jirani anayepita na ndoo ya maji anashindwa kujizuia. "Jamani, mmeleta fundi au mmeleta mgonjwa?"

"Fundi," anajibu mmoja wa wale tisa, kinyozi, bila hata kutabasamu, maana swali hili ameulizwa karibu kila kijiji. "Kazi yetu inaanza hivyo. Akiamka utaona moto."

Aliyelala ni mama wa watoto watatu, mwenye miaka arobaini na sita, fundi wa kuezeka mapaa. Kila mtu humwita Mama Ngazi. Miaka mingi amepita mitaani na ngazi begani, na watu waliijua ngazi kabla ya kuijua sura yake. "Hata siku ya harusi yangu kuna mtu aliniuliza ngazi nimeiacha wapi," anasema.

Siku za kazi huezeka nyumba na maduka ya mji mdogo anakoishi, kwa malipo, na hana haya kudai malipo yake. Jumamosi ni jambo jingine. Yeye na mumewe, dereva wa pikapu, hupakia mabati na mbao, wakawapitia kinyozi, muuguzi, fundi cherehani na wachuuzi kadhaa wa sokoni, kisha wote hushika njia ya vumbi kwenda vijijini. Huko hukarabati nyumba za watu ambao nguvu zimewaisha na mkono ni mfupi. Hawalipwi. Mabati hupewa na mwenye duka mmoja, mbao huzitafuta popote, na mafuta ya gari ni ya mume.

"Huyu mume wangu nilimpata kwa kumkodi abebe mabati," anasimulia Mama Ngazi. "Safari ya tatu akakataa nauli. Nikasema, huyu ama ana wazimu ama anataka kunioa."

"Nilikuwa na vyote viwili," anadakia mumewe kutoka kwenye usukani.

Sheria ya kulala kwanza haikutoka kwenye semina yoyote. Ilizaliwa na aibu.

Nyumba ya kwanza waliyoikarabati ilikuwa ya mjane mmoja mpole sana. Walifanya kazi kutwa nzima. Wakabadilisha mabati ya sebuleni, wakapiga lipu ukuta wa mbele, wakaning'iniza mlango mpya, wakapiga picha wakicheka. Mvua zilipoanza, Mama Ngazi akaenda kutembelea kazi ya mikono yake. Alimkuta mjane amekaa juu ya kigoda sebuleni, godoro limekunjwa na kuegemezwa ukutani. Chumbani kulikuwa kunavuja, tena palepale penye mto.

"Nikamwambia, mama, mbona hukusema tangu siku ile? Akanijibu, 'Mwanangu, mgeni akikuletea zawadi humwambii kwamba amekosea.' Nilitamani ardhi ipasuke. Tulikuwa tumetengeneza pale tulipopaona sisi, wageni, tulipokaribishwa tukae. Usiku wake hatukuugusa."

Walirudi kesho yake, na safari hiyo alianza kwa kuomba ruhusa ya kulala kitandani. Tangu hapo hakuna anayepanda juu kabla mtu mmoja hajalala mahali anapolala mwenye nyumba, gizani, akatazama juu kama kuna mwanga unaopenya. "Ukisimama unaona ukuta," anasema. "Ukilala ndipo unaona anachokiona mwenzako usiku kucha." Nyumba thelathini na moja zimepita kwa mtindo huo, na haijawahi kutokea akaamka bila cha kusema.

Nyumba ya leo, hata hivyo, imemkosesha usingizi kabla hajailalia.

Mwenye nyumba ni Mzee Timazi. Jina hilo alilipata ujanani kwa sababu ya timazi, ile kamba yenye kichuma kizito ambayo fundi huining'iniza ajue kama ukuta umesimama wima. Haikuwahi kutoka mfukoni mwake. Vijiji vyote vya upande huu vina mapaa aliyoyaezeka. Na ndiye aliyemfundisha Mama Ngazi kazi.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimefukuzwa kila penye ujenzi. Kila nikienda naambiwa nikawachemshie mafundi chai," anakumbuka. "Nikamfuata yeye. Hakuniuliza lolote. Akasema, 'Bati halijui aliyeshika nyundo ni nani. Panda.' Basi. Maneno hayo ndiyo yamenilishia watoto."

Alimfundisha mengi, lakini somo la kwanza alilirudia hadi wanafunzi wakawa wanalitaja usingizini: msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni. Mgongoni, maji huukimbia msumari. Bondeni, maji huufuata, na yakiufuata yataingia ndani. Mwanafunzi aliyekosea hapo alishushwa siku hiyohiyo akabeba mbao wiki nzima.

Sasa majirani wanasema paa la Mzee Timazi linavuja. Mkewe alivunjika nyonga akawa wa kuinuliwa, na kifua chake ni dhaifu. Mvua ziko mlangoni. Mama Ngazi amekuja kuomba atengeneze, si mara moja.

"Mara ya kwanza alisema hana shida yoyote. Mara ya pili akasema atapanda mwenyewe, ilhali hata ngazi yenyewe haioni vizuri. Mara ya tatu alinifungia mlango nikiwa kizingitini," anasema. "Nililia kwenye gari, mume wangu shahidi. Mtu aliyenifungulia mlango wakati wote wamenifungia, leo ananifungia yeye? Na mama yule alale kwenye maji mpaka lini?"

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema fundi mkuu akizeeka ni nani mwenye ubavu wa kumwambia.

Leo mzee amelegeza, kidogo tu. Alipoiona pikapu alisimama mlangoni, fimbo mkononi, akatoa sharti lake mbele ya wote. "Nasikia siku hizi mnaanza kwa kulala. Haya, lala. Ukiona tundu, panda. Usipoona, mnywe chai mwende zenu, na habari hii iishe."

Akamwingiza chumbani, akamwonyesha kwa kiganja upande wa ukutani. "Hapa."

Ndipo alipolala, na ndipo tulipomkuta.

Anatazama juu. Giza. Anageuza kichwa kushoto, kisha kulia. Giza totoro. Paa limekaza kama sufuria lililofunikwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kulala kwenye vitanda vya watu, hana cha kusema.

"Ehe?" anauliza mzee, ambaye amebaki humohumo chumbani, kwenye kona ya mlango.

"Sioni kitu, Mwalimu."

"Si nilikwambia?" Na sauti yake ina furaha kiasi kwamba Mama Ngazi anaona aibu kwa kuja na watu tisa na mabati ya kumvunjia mtu heshima.

Anaanza kuinuka. Anaegemea kiwiko upande wa pili wa kitanda ili ashuke, na shuka linatoa sauti: chakara-chakara. Anabonyeza tena. Chini ya shuka, upande huo tu, kumetandikwa nailoni.

Mzee anakohoa. "Shuka tu, binti. Umeshaona."

Hashuki. Anajisogeza taratibu upande wa nje, analaza kichwa kwenye mto wa pili, anatazama juu. Matundu yamejaa, madogomadogo, yanang'aa mstari kwa mstari juu ya uso wake kama punje za mchele kwenye ungo. Anayatazama kwa muda. Kisha anashuka, anavaa viatu, anatoka nje, na mzee anamfuata nyuma.

Bibi, mke wa mzee, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, miguu imefunikwa kanga. Mama Ngazi alikuwa amepanga kulisema jambo hili pembeni, wawili tu, asimwaibishe mtu. Anauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kitandani wewe unalala upande gani?"

Bibi nyonga imevunjika, masikio hayajavunjika. "Upande wa nje," anajibu yeye. "Zamani ulikuwa wangu. Tulibadilishana mvua zilizopita. Alisema anaamka mapema kupika uji, hataki kunivuka."

Mama Ngazi anamgeukia mzee.

"Kwani vipi?" anauliza bibi. Anawatazama mmoja baada ya mwingine, kisha anamtazama mumewe, ambaye ghafla ameona kitu cha maana sana kwenye ncha ya fimbo yake. Polepole uso wa bibi unabadilika.

"Kumbe!" anasema. "Kumbe ndiyo maana kila asubuhi ya mvua nakukuta umeloa, unaniambia umetoka kuoga! Msimu mzima nawasifia majirani, mume wangu msafi, anaoga alfajiri na baridi yote ile!"

Kinyozi anageukia ukuta ili acheke kwa adabu. Muuguzi anajifuta macho, na si kwa kicheko.

"Nailoni inasaidia," anasema mzee.

"Inasaidia godoro! Wewe je?"

"Paa hili nimeliezeka mimi, mama watoto. Watu wa kujitolea wakionekana juu yake, kijiji kizima kitasema Timazi amekwisha."

"Na wakikuzika kwa kichomi watasema nini? Watasema alikufa paa lake zima?"

Wanawake wa sokoni wanaitikia kwa miguno. Mzee anaangalia ngazi kwenye nyasi, anaangalia watu, anaangalia mawingu ambayo tangu asubuhi yamekuwa yakijikusanya nyuma ya mlima. Hatimaye anasema, "Apande huyu peke yake. Wengine wabaki chini."

Kwa wale tisa hilo halina maana. Paa ni kazi ya watu wanne au watano, na wao wamekuja kufanya kazi. Lakini Mama Ngazi ameitika tayari, ameshika ngazi, na baada ya muda mfupi yuko juu, anatambaa kwa magoti kuelekea penye kitanda.

Huko juu ndiko anakoelewa kwa nini alifungiwa mlango.

Mabati hayakuchoka. Upepo wa mwaka juzi uliinua pembe moja, mtu akapanda kuipigilia, na misumari aliyoipiga imenyooka kama uzi, umbali kati ya mmoja na mwingine ni uleule, mkono wa fundi hasa. Ila yote, mstari hadi mstari, iko bondeni.

"Niliijua ile mistari kabla sijaigusa," anamwambia mwandishi baadaye. "Ningeijua hata kwa kupapasa. Nimeitazama ile mistari tangu nikiwa msichana. Nikaelewa. Alikuwa haogopi kusaidiwa. Alikuwa anaogopa mtu apande aone."

Anatoa nyundo, anaanza kung'oa. Kwa kawaida misumari mikuukuu hutupwa chini, wachuuzi wakaiokota kwa ajili ya kuinyoosha. Leo anaitia mmoja mmoja kwenye mfuko wa aproni yake.

"Vipi huko?" anapaza sauti kinyozi. "Tatizo nini?"

"Mabati yamechoka tu."

Ni uongo mzuri, na ungetosha. Mumewe anaamini, kinyozi anaamini, bibi anaamini. Lakini mzee, aliyekaa ameinamisha kichwa na timazi yake mkononi, anauinua uso.

"Binti, nilikufundisha kusema uongo juu ya paa?"

Juu nyundo inasimama.

"Misumari iko bondeni," anasema, kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia. "Niliipiga mimi. Macho yalikuwa yameshaanza ukungu, nikajiambia mkono unajua njia. Mkono haukujua. Nilipigilia kosa ambalo nimewashushia watu wengi." Anapumua. "Nilijua tangu mvua ya kwanza. Nikaona afadhali niloe."

Mama Ngazi anachungulia ukingoni mwa paa. Machozi yanamtoka na hayafuti. "Sasa Mwalimu, umeshasema. Nimeishiwa mfuko wa kuifichia. Niitupe chini?"

Mzee anacheka. Ni kicheko kidogo, cha kukwaruza, lakini kinawafungua wote. "Tupa! Na hao wengine wamekaa kufanya nini? Wapande! Mnataka mvua itukute na paa wazi?"

Kuanzia hapo kazi ikawa kazi. Mabati yenye matundu yakashushwa, mapya yakapandishwa, mbao mbili zilizooza zikabadilishwa. Mzee Timazi aliamuru kila kitu kutoka kitini, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Alimtaka kinyozi arudie mstari mzima. "Mgongoni, kijana, mgongoni! Hilo ni bati, si kichwa cha mteja!" Kinyozi, mtu wa miaka hamsini na mitano, alifurahi kuitwa kijana kiasi cha kurudia mistari miwili.

Muuguzi alipata nafasi akamwinamia mzee, akamtazama macho kwa tochi ya simu. Akasema huenda ni mtoto wa jicho, na kwamba hospitalini hutolewa, si jambo la kutisha.

"Tuanze na paa," alisema mzee. Baadaye kidogo akauliza wagonjwa wa macho huonwa siku gani.

Sasa ni alasiri. Kikundi kina desturi ya kufunga kazi kama kilivyoifungua: mlango unafungwa, dirisha linazibwa, na mwenye nyumba analala kitandani kwake, mahali pake, aseme anachokiona. Jibu linalosubiriwa ni "giza". Likitoka, watu hupiga makofi na kufungasha vifaa.

Mzee Timazi analala upande wa nje. Mama Ngazi anasimama kando ya kitanda, naye anatazama juu, na kwa macho yake hakuna kitu.

"Mwalimu?"

"Moja," anasema mzee.

"Wapi? Mbona mimi sioni?"

"Lala kwanza. Si ndiyo sheria yenu? Pale, paa linapokutana na ukuta, juu ya dirisha. Haya macho yangu mchana hayafai, lakini gizani tundu dogo linanichoma kama taa ya gari."

Mama Ngazi anainamisha kichwa hadi usawa wa mto. Kweli. Tone moja la mwanga, nyuma ya ubao, ambalo aliyesimama hawezi kuliona. Anatoka, anapanda, anakuta msumari mmoja wa kikundi chao umekosa kipira chake cha kuzuia maji. Anaubadilisha, anagonga bati mara mbili kuashiria amemaliza.

"Giza!" inatoka sauti ndani, na watu tisa wanapiga makofi kama wamejenga ikulu.

Mama Ngazi ana mipango, na anaitaja akifunga ngazi juu ya pikapu. Anataka ngazi ya pili, ya chuma, ili kikundi kigawanyike na kufanya nyumba mbili kwa Jumamosi moja. Anataka kufundisha wasichana wawili wa sokoni ambao tayari hawaogopi kupanda. Vijiji vya ng'ambo ya mto vimeshamtumia salamu, na anakusudia kuvifikia kabla njia haijawa tope. "Tutavifikia," anasema, kwa namna ya mtu ambaye hajauliza kama inawezekana.

Anapotaka kupanda garini, Mzee Timazi anamshika mkono, anamwekea kiganjani kitu kizito chenye kamba. Ni timazi.

"Hii si zawadi," anasema. "Ni amana. Jumamosi mtakaponipitia mtanirudishia."

"Tukupitie, Mwalimu? Kufanya nini?"

"Kupanda siwezi tena," anasema mzee. "Lakini kulala naweza."

Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia Jumatatu, ile ya kwanza yenye kishindo. Asubuhi simu ya Mama Ngazi iliita akiwa juu ya paa la duka, mjini, misumari mdomoni. Aliitema kiganjani akapokea. Ilikuwa sauti ya bibi, na ilibidi apaze kwa sababu huko kwao matone bado yaligonga bati.

"Mwanangu, imenyesha usiku kucha," alisema. "Na mzee wako ameamka hajaoga."